Supu ya pweza hadharani, unga wa nguvu gizani: watu wa Mombasa wanazionaje dawa hizi?

Mhudumu_Kisauni

Salaam kwenu nyote. Huku Kisauni tunaandaa baraza la afya ya jamii, na mada niliyokabidhiwa ni dawa za asili za nguvu za kiume na hamu ya ndoa. Sitaki kusimama niwaambie watu "acheni mitishamba", kwa sababu nusu ya baraza itainuka iende zake na nusu itabaki kunicheka.

Ninachotaka kuelewa ni hiki. Mtu anasimama kando ya barabara anakunywa supu ya pweza, anataniwa, anacheka. Mtu huyohuyo akinunua unga wa mganga anaufunga kwenye gazeti mara tatu na mkewe hajui. Tofauti ni nini? Na katika hivi vinavyouzwa, yaani pweza, alkasusu, mkombero, habasoda na huo unga wa vipakiti, kipi kina kitu ndani, kipi ni maneno matupu, na kipi cha kuogopwa hasa? Naomba wenye ujuzi waeleze kwa undani. Utani wa pweza tumeshausikia wa kutosha.

Jiko_la_Bondeni

Wa aleikum salaam. Nianze na pweza, maana huyo ndiye mwepesi.

Pweza haonewi haya kwa sababu ni chakula. Ukishika kikombe hakuna anayejua umefuata nini: huenda una njaa, huenda una mafua, huenda umependa pilipili tu. Muuzaji atakutania kwamba leo nyumbani hakulaliki, lakini hatakuuliza unaumwa nini. Unga wa mganga hauna kisingizio hicho. Ukionekana nao umeshajieleza.

Sasa kilichomo. Gramu 100 za nyama ya pweza aliyepikwa zina protini karibu gramu 30 na zinki miligramu 3 na ushei. Mwanamume mzima anahitaji zinki kama miligramu 11 kwa siku, kwa hiyo nyama ya pweza ni chakula cha maana. Ila kikombe cha barabarani si nyama. Ni maji ya moto, chumvi, pilipili na vipande vitatu vinne vya mkono wa pweza. Tena mtu asiyepungukiwa na zinki haongezewi nguvu na zinki ya ziada. Kinachomfanya ajihisi amewaka ni tangawizi, pilipili manga, joto la supu na imani yake. Imani nayo usiidharau kwenye jambo hili, maana mwenye wasiwasi akitulia mwili humfuata.

Anayetaka faida apike nyumbani. Chukua pweza wa kilo moja na nusu. Pindua kichwa ndani kiwe nje, toa matumbo na kifuko cha wino bila kukipasua, toa macho na lile domo gumu lililo katikati ya mikono. Msugue kwa chumvi mpaka ute uishe, hasa kwenye vinyonyeo maana mchanga hujificha humo, kisha msuuze. Mponde kwa mchi. Aliyelala kwenye friza hahitaji kupondwa sana, barafu imeshakata nyuzi za nyama. Mtie sufuriani bila maji, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe na kusinyaa karibu nusu, usishtuke. Baada ya dakika 20 hivi ongeza maji ya moto, kitunguu thomu, tangawizi na pilipili manga, umwache dakika 40 nyingine au mpaka uma uingie bila kulazimisha. Kipande cha papai bichi hulainisha, lakini kikizidi nyama huvurugika. Chumvi na ndimu ni mwisho kabisa, kwa sababu pweza ana chumvi yake ya baharini na supu ikikauka kidogo chumvi ya mwanzo hukukomesha.

Hatari ya barabarani iko kwenye sufuria, si kwenye pweza. Supu iliyokaa vuguvugu tangu magharibi, ikawa inaongezwa maji mabichi kila ikipungua, ni kitalu cha vijidudu. Kunywa pale inapotokota, na angalia vikombe vinasuuzwa wapi. Ndoo moja ya maji kwa wateja wa usiku kucha haifai. Mwenye presha aogope chumvi. Mwenye gauti ampunguze pweza mwenyewe.

Mizizi_MwembeTayari

Naungana na wa Bondeni, ila nisahihishe kidogo wazo la Mhudumu: si kila mti unauzwa gizani. Mkombero unauzwa hadharani kabisa, vijana wanautafuna wakipiga soga, na haya haiko hapo. Haya huanza mtu anapoambiwa "hii ni ya wewe mwenye tatizo". Kijana anayetafuna kwa mbwembwe hana cha kuficha. Mzee wa miaka hamsini na tano mwenye tatizo kweli hatauchukua mkombero mbele ya watu, atamtuma mtu.

Mkombero, Mondia whitei kwa wataalamu, si mti wa pwani. Unatoka magharibi mwa nchi, upande wa Kakamega. Kinachotafunwa ni ganda la mzizi. Ule uti mgumu wa katikati hutemwa. Mzizi mzuri ukiuvunja hutoa harufu tamu kama ya vanila. Usionukia, ama umekaa sana juani ama si mkombero. Osha udongo kwanza, watu wanasahau kwamba ni kitu kilichochimbwa.

Je, unafanya kazi? Majaribio mengi ni ya panya na ya vichupa vya maabara. Mbegu za kiume zilizotiwa maji ya mzizi huu kwenye kichupa ziliogelea vizuri zaidi, hilo limechapishwa 2008. Lakini kuna upande wa pili usiosemwa na wauzaji: panya dume waliopewa maji ya mzizi kila siku kwa siku 55, katika utafiti uliochapishwa 2001, waliharibika mirija ya kutengeneza mbegu na uzazi ukashuka, ukarudi baada ya kuachishwa. Panya si mtu, sawa. Ila anayetafuna kila siku kwa miezi huku anatafuta mtoto, apumzike. Kipande cha urefu wa kidole mara mojamoja hakijajulikana kumdhuru mtu mzima.

Alkasusu nayo kila mtu ana yake. Msingi ni karanga za kukaanga zilizosagwa, tangawizi, mdalasini, hiliki, na asali au maziwa. Hiyo ni lishe na moto wa viungo, basi. Mambo mawili huharibu. La kwanza ni karanga zenye ukungu. Zikiwa na rangi ya kijivujivu au uchungu, tupa, kukaanga hakuondoi sumu yote ya ukungu. La pili ni urukususu, ambao wengine hutia kwa wingi ili kinywaji kiwe kitamu. Mzizi huo ukinywewa kila siku kwa wiki kadhaa hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini, mpaka misuli hulegea na moyo hukosa mpigo. Na kichekesho ni kwamba umeonekana kushusha homoni ya kiume badala ya kuipandisha. Kwa hiyo muulize muuzaji moja kwa moja: urukususu umo au haumo?

Kungumanga pia iangaliwe. Ya kukwaruza kidogo kwenye chai haina neno. Lakini kuna wanaosaga kokwa zima wakanywa kwa mkupuo. Gramu 5 na kuendelea ni kichefuchefu, moyo mbio, kinywa kikavu na kuweweseka mpaka kesho yake. Hapo hata hiyo ndoa huikumbuki.

Habasoda haina kelele. Kijiko kidogo kimoja kwa siku ni sawa kwa wengi. Ila huteremsha sukari na presha kidogo, kwa hiyo anayemeza vidonge vya sukari asizidishe kisha akashangaa kuona kizunguzungu.

Kijana_wa_Likoni

Na muguka, yale majani ya kutafuna, je? Wengi husema ndio wenyewe.

Famasia_Tudor

Muguka na miraa huchangamsha akili, na hamu hupanda kwa saa kadhaa. Lakini dawa iliyomo, kathinoni, hubana mishipa ya damu na kupandisha presha, wakati jambo lenyewe linataka mishipa ifunguke. Ndio maana watafunaji wengi hulalamika kwamba hamu ipo na kazi haipo, kisha wanaanza kutafuta unga wa kurekebisha. Biashara mbili zinalishana.

Tuje kwenye huo unga, Mhudumu, kwa sababu hapo ndipo penye baraza lako. Mitishamba aliyoitaja wa Mwembe Tayari hufanya kazi polepole, kama inafanya. Mtu akikuambia alilamba unga au alikunywa kijiko cha "asali maalumu" na ndani ya nusu saa hadi saa moja mambo yakawa tayari, shuku kwamba umechanganywa na kidonge cha hospitali kilichosagwa, sildenafil au ndugu yake tadalafil. Si Mombasa tu, ni udanganyifu unaokamatwa dunia nzima katika bidhaa zinazoandikwa "asili tupu". Dalili zake zinajulikana: uso kuwa moto, kichwa kugonga, pua kuziba, kiungulia, na wengine huona vitu vina rangi ya buluu. Tadalafil huongeza maumivu ya mgongo na misuli, na nguvu yake huendelea hadi saa 36. Mti gani utakuletea hayo yote kwa mpangilio huo?

Shida si dawa yenyewe. Sildenafil hutumika halali tangu 1998, na kwa mtu aliyepimwa ni salama. Shida ni kipimo. Kidonge ni miligramu 25, 50 au 100, na daktari huchagua kulingana na umri, figo, ini na dawa nyingine. Kijiko cha unga kinaweza kuwa na 20 leo na 200 kesho, kwa sababu aliyechanganya alitumia kinu na mwiko.

Watatu wasiguse kabisa kitu wasichokijua. Wa kwanza ni mwenye maumivu ya kifua anayetumia dawa za naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi au isosobaidi. Zikikutana na sildenafil presha huporomoka na mtu anaweza kufa palepale. Wa pili ni anayetumia dawa za tezi dume kama tamsulosini, huyo presha inaweza kushuka akaanguka akisimama. Wa tatu ni anayemeza dawa za VVU zenye ritonaviri. Hiyo huzuia ini kuvunja sildenafil, kiasi kwamba kipimo chake hakitakiwi kuzidi miligramu 25 ndani ya saa 48. Hao wote ni majirani zetu, na hakuna hata mmoja atakayemwambia mganga anatumia nini. Wala hatamwambia daktari kwamba amelamba unga.

Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, hiyo ni dharura, si sifa. Damu iliyokwama haina oksijeni, nyama ya ndani huanza kufa, na baada yake mtu huenda asisimamishe tena maisha. Maji baridi ya ndoo hayatibu. Hospitali hutoa damu kwa sindano na kuchoma dawa ya kubana mishipa. Wengi hufika kesho yake kwa sababu ya aibu, wakati mlango umeshafungwa.

Niongeze la ngiri, maana pwani hii ndilo jina la kwanza. Mtu akikosa nguvu huambiwa ana ngiri, apewe mizizi ya kuchemsha. Ngiri halisi ni utumbo uliopenya kwenye nyama na hutibiwa kwa kushonwa. Busha ni maji kwenye mfuko wa korodani, na hapa pwani mara nyingi chanzo ni minyoo ya matende inayoletwa na mbu. Nalo ni la upasuaji mdogo. Hakuna kati ya hayo linaloyeyushwa na sufuria.

Sababu za kukosa nguvu zinazoonekana sana ni sukari, presha, sigara, unene na wasiwasi. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba, milimita 1 hadi 2, na ya moyo ni 3 hadi 4. Uchafu wa mafuta ukianza kuziba, ile myembamba hulalamika kwanza, mara nyingi miaka miwili mitatu kabla ya moyo. Mzee wa miaka 50 anayeficha tatizo hili kwa unga anaficha tangazo la moyo wake. Swali moja la kumsaidia: je, asubuhi jogoo anawika? Kama akiamka yuko sawa lakini akiwa na mkewe hapana, hapo tatizo liko zaidi kichwani au kwenye uhusiano. Kama hata asubuhi kimya, apime sukari, presha na mafuta ya damu, na aorodheshe dawa anazotumia, kwa sababu baadhi ya vidonge vya presha, kama atenolol na vile vya kukojosha, huleta hali hiyo na vinaweza kubadilishwa. Asiviache mwenyewe.

Somo_wa_Kuze

Nyote mmezungumza kama kwamba ndoa ina mtu mmoja. Mwanamume akishindwa anatafutiwa dawa. Mwanamke huambiwa yeye ndiye amelegea, na hapo huambiwa atumie shabu, lile jiwe la kukaza ngozi.

Wenye kujua mila wanajua kwamba somo, yaani mwalimu wa bi harusi, hakuwa akimpa mwari kitu cha kuingiza ndani. Alimfunza usafi, kumsinga kwa liwa, udi wa kufukiza nguo na shuka, vikuba vya asumini na rehani, mazungumzo na subira. Hivyo ndivyo vichocheo vya Kiswahili na havijamchubua mtu. Hizi "dawa za kubana" za vidonge, unga wa shabu na ndimu zinauzwa kwa jina la mila, lakini zimejaa kwenye soko la simu kuliko kwa bibi zetu.

Ubaya wake ni huu. Ukeni mna asidi yake, kati ya 3.8 na 4.5 kwa kipimo cha pH, inayolindwa na bakteria wazuri. Shabu hukausha na kukaza ngozi ya juu, tendo likifanyika ngozi huchanika vijeraha visivyoonekana, na bakteria wazuri hufa. Matokeo ni harufu, ute wa kijivu, na mlango wazi kwa maradhi. Utafiti wa miaka 10 uliofanywa hapahapa Mombasa kwa wanawake wanaouza ngono, uliochapishwa 2006, ulionyesha waliokuwa wakijiosha ndani walipata VVU zaidi ya wasiojiosha, na wa sabuni wakazidi wa maji matupu. Ikiwa maji tu yana madhara, shabu je? Mhudumu, kama baraza lako ni la wanaume peke yao umepoteza nusu ya mada.

Maktaba_ya_Kibokoni

Kuhusu mtazamo wa watu, dini inasingiziwa mno. Kutafuta dawa si aibu katika Uislamu. Hadithi iko wazi kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa. Pweza mwenyewe ni halali kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi hapa. Kinachokatazwa ni talasimu, kumlisha mtu kitu bila yeye kujua, na kujidhuru.

Tena fiqhi ya Shafi imeliweka jambo hili mezani zamani sana. Mke akishtaki kwamba mumewe hana uwezo, na ikathibiti, kadhi humpa mume muda wa mwaka mmoja wa mwezi mwandamo, misimu yote minne imzungukie ajaribu kutibiwa, ndipo mke apate haki ya faskhi, yaani kuvunjiwa ndoa. Yaani ni ugonjwa unaopewa muda wa matibabu, haukuchukuliwa kuwa fedheha. Aibu tuliyonayo ni ya barazani, ya kuitana hanithi kwa mzaha. Nawalaumu wazee wenzangu kwa hilo kuliko waganga.

Mizizi_MwembeTayari

Nakubali, ila Famasia asituweke sote kapu moja. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inatambua tiba za asili, na dawa ya mitishamba iliyofungashwa inatakiwa isajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu. Anayetundika bango kwenye nguzo ya stima kwamba anatibu nguvu za kiume, ngiri, sukari, kurudisha mpenzi na kupandishwa cheo kazini, wote kwa unga mmoja, huyo si mwenzetu. Mtabibu wa miti hukuonyesha jani au mzizi mzima kabla haujasagwa, anautaja jina, na anakuuliza unatumia dawa gani za hospitali. Asiyeuliza, ondoka.

Famasia_Tudor

Hilo nimelipokea, na hicho kipimo cha mzizi mzima ni kizuri kuliko changu.

Mhudumu_Kisauni

Shukran sana. Somo, nitaomba vikao viwili, wanawake na wanaume kando, kisha tuwaunganishe. Swali la mwisho: mtu akija baada ya baraza ananong'ona kwamba ana kipakiti nyumbani na ameshakitumia, nimwambie nini pale pale?

Famasia_Tudor

Usimwambie akitupe. Muulize mambo manne kwa sauti ya chini: ametumia lini mara ya mwisho, kiasi gani, dawa gani nyingine anameza, na kama ana maumivu ya kifua akipanda ngazi. Akisema kifua kinauma, aende hospitali siku hiyohiyo, na akifika aseme kwanza kwamba ametumia unga wa nguvu, kabla hajawekewa chochote chini ya ulimi. Daktari anatakiwa kungoja saa 24 ikiwa ni sildenafil na 48 ikiwa ni tadalafil kabla ya kumpa naitreti, na kwa kuwa hakuna anayejua kilichomo, watachukua ile ndefu.

Kama hana dalili, asimamishe, akifunge kipakiti kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi yake, akipeleke kwa mfamasia au kituo cha afya. Unga uliobaki ndio ushahidi pekee, na ukija na jina la bidhaa na mahali iliponunuliwa, Bodi ina pa kuanzia. Mpime presha hapohapo kama una mashine, ameketi dakika tano kwanza, kisha tena akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi akisimama, asiende nyumbani peke yake.